Uzito wa mwili na uwezo wa kushika mimba: mambo ya kujua kabla ya kuanza matibabu

Mwanamke akikaa kwenye ndoa mwaka mmoja, miaka miwili, bila kupata ujauzito, kila mtu hugeuka daktari. Mama mkwe husema ni chango. Wifi husema ni sindano za uzazi wa mpango alizochoma zamani. Jirani humletea mizizi ya kusafisha kizazi. Na siku hizi limeongezeka neno jingine, ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakifika hospitalini: "Mama, kapunguze uzito kwanza, halafu urudi."

Wapo pia wanaoambiwa kinyume chake: "Umekonda sana, nenda kanenepe kidogo."

Je, ni kweli uzito unaweza kuzuia mimba? Unazuiaje? Na mtu akipunguza au akiongeza kilo, ndiyo atapata mtoto? Makala haya yanaeleza kile ambacho utabibu unakijua kuhusu jambo hili, ili mama anapotoka nyumbani na nauli yake mkononi kwenda kumwona daktari, ajue la kuuliza.

KWA UFUPI

- Uzito mdogo sana na uzito mkubwa sana vyote viwili vinaweza kuvuruga hedhi na kuchelewesha mimba.
- Wanawake wengi wanene hushika mimba bila shida yoyote. Unene huongeza uwezekano wa kuchelewa. Haufungi kizazi.
- Kwa mwanamke mnene ambaye hedhi yake imevurugika, kupungua kilo chache tu kunaweza kurudisha mzunguko.
- Uzito ni sababu moja kati ya nyingi. Mirija iliyoziba, mbegu za mwanaume na umri havitibiwi kwa kupungua kilo.
- Mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea asikae akihangaika na mzani peke yake. Aende apimwe mapema.

UZITO WA KAWAIDA NI UPI?

Kilo peke yake hazisemi kitu. Kilo 70 kwa mtu mrefu ni sawa, kwa mtu mfupi zinaweza kuwa nyingi. Ndiyo maana wahudumu wa afya hulinganisha uzito na urefu. Kipimo hicho hospitalini huitwa BMI.

Hesabu yake ni rahisi na unaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua urefu wako kwa mita, uzidishe kwa wenyewe. Kisha chukua kilo zako, ugawanye kwa jibu ulilopata.

Mfano: mama ana urefu wa mita 1.60 na kilo 82. Zidisha 1.60 kwa 1.60, unapata 2.56. Gawanya 82 kwa 2.56, unapata 32. Hiyo 32 ndiyo BMI yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linagawa hivi:

- Chini ya 18.5: uzito pungufu
- 18.5 hadi 24.9: uzito wa kawaida
- 25 hadi 29.9: uzito uliozidi
- 30 na zaidi: unene uliopitiliza

Kama karibu nawe hakuna mzani, ipo njia ya kamba. Chukua kamba au uzi mrefu, pima urefu wako kuanzia unyayo hadi utosini, kata hapo. Ikunje kamba hiyo katikati, kisha uizungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Ikikutana bila kubanwa, kiuno chako hakijazidi nusu ya urefu wako, na hilo ni jema. Ikishindwa kukutana, una mafuta mengi tumboni, na hayo ndiyo yanayosumbua zaidi homoni na sukari ya mwili kuliko mafuta ya mapajani na makalioni.

Tatizo hili si la mjini peke yake, na si la nchi tajiri peke yake. Utafiti wa afya ya jamii uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza, na asilimia 10 ni wembamba kupita kiasi. Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 wamezidi uzito. Maana yake ni kwamba katika kijiji kimoja, pengine katika boma moja, unaweza kumkuta mwanamke ambaye hedhi yake imepotea kwa sababu ya kukonda, na mwingine ambaye imepotea kwa sababu ya kunenepa.

MAFUTA YA MWILI YANAHUSIANAJE NA MIMBA?

Kila mwezi, ubongo wa mwanamke hutuma ujumbe kwa njia ya homoni kwenda kwenye ovari, yaani vile viungo viwili vidogo vilivyo pembeni ya mfuko wa uzazi na ambavyo hutunza mayai. Ovari zikipata ujumbe huo, yai moja hupevuka na kutoka. Likikutana na mbegu ya mwanaume kwenye mrija, mimba hutunga. Lisipokutana nayo, siku kama 14 baadaye hedhi huja.

Watu wengi hudhani mafuta ya mwilini ni akiba tu, kama mahindi kwenye ghala. Sivyo. Mafuta nayo hutengeneza homoni. Mwaka 1994 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, waligundua homoni inayoitwa leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta na kwenda kuujulisha ubongo kama mwili una akiba ya kutosha. Mimba inahitaji nguvu nyingi, na kunyonyesha pia. Kwa hiyo ubongo hupokea kwanza taarifa za ghalani kabla ya kuruhusu yai kupevuka.

Mafuta pia hubadilisha baadhi ya homoni za mwilini kuwa estrojeni, homoni ya kike. Yakiwa machache, estrojeni hupungua. Yakiwa mengi mno, estrojeni huzidi, na ubongo huchanganyikiwa usijue mzunguko umefika wapi.

UKIWA MWEMBAMBA KUPITA KIASI

Ghala likiwa tupu, ubongo hupunguza ujumbe kwa ovari. Yai halipevuki. Hedhi huanza kuruka mwezi, kisha hukatika kabisa.

Historia inayo mfano mkubwa. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuamkia 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu wa magharibi mwa Uholanzi walikumbwa na njaa kali baada ya chakula kuzuiwa kuingia. Wanawake wengi waliacha kupata hedhi. Miezi tisa baadaye, idadi ya watoto waliozaliwa ilishuka hadi karibu nusu ya kawaida. Chakula kiliporudi, hedhi zilirudi na watoto walizaliwa tena.

Kwa wasikilizaji wetu, hali hii hutokea wakati wa ukame na mavuno mabaya, kwa wanawake wenye kazi nzito za shamba, kuni na maji huku wakila mlo mmoja kwa siku, na kwa wanamichezo wanaokimbia sana. Hutokea pia kwa wasichana wanaojinyima chakula ili wasinenepe.

Lakini kuwe na tahadhari hapa. Kama umekonda kwa ghafla bila kujinyima chakula, usiishie kutafuta cha kunenepesha. Kukonda kunaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, VVU, kisukari au ugonjwa wa tezi ya shingo. Kifua kikuu huweza kushuka hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiharibu, hata kama mtu hakohoi. Nenda upimwe.

Habari njema ni kwamba hedhi iliyokatika kwa sababu ya njaa au kazi nzito mara nyingi hurudi mwili ukipata chakula cha kutosha na mapumziko. Mama mwenye mita 1.60 na kilo 45 ana BMI ya 17.6. Akifika kilo 47 na nusu tu, ameshavuka mstari wa uzito pungufu. Na ni vizuri avuke kabla ya mimba, kwa sababu mama mwembamba sana ana hatari zaidi ya kujifungua kabla ya wakati au kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

UKIWA MNENE KUPITA KIASI

Hapa kinachosumbua zaidi ni insulini, homoni inayopeleka sukari kutoka kwenye damu kuingia mwilini. Mafuta yakizidi, hasa ya tumboni, mwili huanza kuwa mzito kuisikia insulini, na kongosho hujibu kwa kuitoa kwa wingi zaidi. Insulini hiyo nyingi hufika kwenye ovari na kuzifanya zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Mayai huanza kukua kisha hukwama katikati, hakuna linalofikia kupevuka.

Dalili ambayo mwanamke anaweza kuiona mwenyewe ni hedhi. Mzunguko wa kawaida kwa mtu mzima ni kati ya siku 21 na 35. Ukiona unapita siku 40, 60, au unapata hedhi mara nne tu kwa mwaka, kuna uwezekano mkubwa yai halitoki kila mwezi.

Hata kwa wanawake wanene ambao hedhi zao ziko sawa, mimba inaweza kuchelewa kidogo. Watafiti wa Uholanzi waliwafuatilia wanawake zaidi ya 3,000 ambao walikuwa wanapata hedhi vizuri lakini walichelewa kushika mimba. Waliona kwamba kuanzia BMI ya 29 kwenda juu, nafasi ya kushika mimba bila matibabu ilipungua kwa takriban asilimia 5 kwa kila namba moja iliyoongezeka. Mwenye BMI 35 nafasi yake ilikuwa pungufu kwa kama robo.

Tazama vizuri takwimu hiyo. Robo imepungua, robo tatu imebaki. Kwa hiyo mtu akikwambia "wewe huwezi kuzaa, umenenepa", hasemi ukweli. Na kwa upande wa pili, mwanamke mnene asiyetaka mimba asidhani unene ni kinga.

Mimba ikishaingia, unene uliopitiliza huongeza hatari ya mimba kuharibika, kisukari cha mimba, shinikizo la damu, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji. Hii ndiyo sababu nyingine inayowafanya madaktari kuzungumzia uzito mapema.

UGONJWA UNAOITWA PCOS

Upo ugonjwa mmoja wa homoni unaowapata wanawake wengi, takriban mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui kama wanao. Madaktari huuita PCOS. Kwenye picha ya ultrasaundi, ovari huonekana zimejaa vifuko vidogo vidogo. Hivyo ni mayai yaliyokwama njiani. Si saratani, wala si "uchafu wa kizazi".

Dalili zake ni hizi:

- hedhi zinazochelewa au kukatika
- nywele kidevuni, kifuani au tumboni kama za mwanaume
- chunusi zisizoisha hata baada ya kuvuka umri wa ujana
- kunenepa kwa urahisi, hasa tumboni
- ngozi kuwa nyeusi na nene shingoni au kwapani

Ugonjwa huu na unene husaidiana kuharibu: PCOS humfanya mtu anenepe kwa urahisi, na unene huzidisha PCOS. Hata hivyo wapo wembamba walio nayo, kwa hiyo usijihukumu kwa kuangalia mwili tu.

Kwa mwenye PCOS na uzito uliozidi, kupungua kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito kunaweza kutosha kurudisha hedhi na kulifanya yai lipevuke. Yule mama wetu wa kilo 82 hahitaji kurudi kilo 55 za siku ya harusi yake. Anahitaji kupungua kama kilo 4 hadi 8.

USIKIMBILIE KULAUMU UZITO

Mzani ni kitu rahisi kukionyeshea kidole. Lakini kabla ya mwanamke kuambiwa tatizo ni unene wake, mambo haya yaangaliwe.

Mwanaume. Katika takriban nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume nao unachangia, peke yake au pamoja na wa mkewe. Kipimo cha mbegu ni rahisi na hakiumi. Na unene unamgusa baba pia: kitambi hupunguza homoni ya kiume na kinaweza kupunguza ubora wa mbegu. Si haki mama ahangaike na mlo miezi sita wakati baba hajapimwa.

Mirija. Katika nchi zetu, mirija iliyoziba ni sababu kubwa ya ugumba. Huzibwa na makovu ya magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yasiyotibiwa mapema, maambukizi baada ya kujifungua, au utoaji mimba usio salama. Mama anaweza kupungua kilo 20 na mirija ikabaki imeziba vilevile. Kipimo chake ni picha ya eksirei inayopigwa baada ya dawa kupitishwa kwenye mfuko wa uzazi.

Sindano ya uzazi wa mpango. Ile ya kila miezi mitatu haiharibu kizazi, lakini huweza kuchelewesha kurudi kwa mimba. Nusu ya wanawake hushika mimba ndani ya miezi kama 10 tangu sindano ya mwisho, wengine huchukua muda zaidi. Baadhi pia hunenepa wakiitumia. Ndipo watu wanapochanganya mambo wakasema "amenenepa, kizazi kimefunga".

Umri. Mayai hupungua kwa idadi na ubora, na kasi huongezeka baada ya miaka 35. Kilo zinaweza kupungua. Miaka hairudi.

MATIBABU NA UZITO

Daktari huhesabu kuwa kuna tatizo la kushika mimba pale wanandoa wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isiingie. Kwa mwanamke wa miaka 35 na zaidi, miezi 6 inatosha kwenda kuonana na daktari. Mwenye hedhi zilizovurugika asisubiri hata hiyo.

Dawa za kupevusha yai. Kwa mwenye tatizo la yai kutopevuka, matibabu huanza na vidonge. Vinavyojulikana zaidi ni klomifeni na letrozoli. Hunywewa siku chache mwanzoni mwa mzunguko, chini ya uangalizi wa daktari. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulihusisha wanawake 750 wenye PCOS, wengi wao wanene. Waliotumia letrozoli, asilimia 27.5 walipata mtoto, na waliotumia klomifeni ni asilimia 19.1. Tangu hapo, letrozoli ndiyo inayopendekezwa kwanza kwa wenye PCOS. Dawa ya kisukari iitwayo metformini nayo hutumika kuusaidia mwili kuisikia insulini.

Vidonge hivi visinunuliwe dukani kwa kuambizana. Vinaweza kuleta mimba ya mapacha au zaidi, na havifanyi kazi kama mirija imeziba.

Kupandikiza mimba. Huu ndio utaratibu unaoitwa IVF, ambapo yai hutolewa, hurutubishwa maabara, kisha kijusi hurudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Mtoto wa kwanza duniani kwa njia hii, Louise Brown, alizaliwa Uingereza Julai 1978. Afrika Mashariki, Uganda ilipata wa kwanza mwaka 2004 na Kenya mwaka 2006. Leo huduma hiyo ipo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na miji mingine, lakini gharama yake ni kubwa na wengi huuza shamba au ng'ombe ili kuilipia.

Uzito una nafasi hapa kwa namna kadhaa. Mwanamke mnene mara nyingi huhitaji dozi kubwa zaidi ya sindano za kukuza mayai, na dozi kubwa ni pesa zaidi. Kumpa usingizi wakati wa kutoa mayai kuna hatari zaidi. Nafasi ya kupata mtoto hupungua kwa kiasi, na mimba kuharibika huongezeka kwa kiasi.

Kwa sababu hizo baadhi ya nchi zimeweka mipaka. Uingereza, mwongozo wa taifa unasema ni vizuri BMI ya mwanamke iwe kati ya 19 na 30 kabla ya kuanza, na maeneo mengi humkatalia aliyezidi 30 matibabu ya gharama za serikali. New Zealand mpaka wao ni 32. Mipaka hii inabishaniwa sana. Wanaoitetea husema inalinda afya ya mama na fedha za umma. Wanaoipinga husema inawaadhibu wanawake ambao wengi wao bado wanaweza kufanikiwa.

JE, UPUNGUE KWANZA NDIPO UTIBIWE?

Hili ndilo swali gumu, na jibu lake limebadilika.

Uholanzi, wanawake 577 wenye BMI ya 29 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipitia miezi sita ya kubadilisha mlo na kufanya mazoezi kabla ya kutibiwa. Kundi la pili lilianza matibabu moja kwa moja. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Kundi la kwanza lilipungua wastani wa kilo 4.4. Lakini ndani ya miezi 24, waliojifungua mtoto mmoja mwenye afya, kwa wakati wake na kwa njia ya kawaida, walikuwa asilimia 27 katika kundi lililopungua kwanza, na asilimia 35 katika kundi lililotibiwa moja kwa moja.

Ina maana kupungua hakusaidii? Hapana. Katika utafiti huohuo, walioshika mimba wenyewe bila matibabu ya uzazi walikuwa asilimia 26 katika kundi la kupungua, na asilimia 16 katika kundi la pili. Kwa mtu aliye mbali na hospitali na asiye na fedha ya matibabu, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa hiyo uamuzi hutegemea mtu:

- Kama una miaka 26, hedhi zako zimevurugika na umezidi uzito, miezi michache ya kupungua inaweza kukupa mimba bila gharama kubwa.
- Kama una miaka 37, kungoja mwaka mzima ili mzani ushuke kunaweza kukupotezea zaidi ya kukusaidia. Pungua huku ukitibiwa.
- Kama mirija imeziba au mbegu za mwenza ni chache sana, uzito sio unaokuzuia. Upunguze kwa ajili ya afya ya mimba, lakini usiufanye kuwa sababu ya kuacha kutafuta tiba.

KUPUNGUA KWA CHAKULA CHA NYUMBANI

Huhitaji chakula cha dukani chenye maandishi ya kigeni. Anza na sahani yako. Nusu iwe mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki au yai. Robo iliyobaki ndiyo iwe ugali, wali, ndizi au muhogo. Katika nyumba nyingi hesabu hii iko kinyume: ugali mlima, mboga kijiko.

Baada ya hapo tazama vitu vitatu vinavyoingiza kilo kimyakimya: sukari kwenye chai na soda, mafuta ya kupikia yanayomiminwa bila kupimwa, na vitafunwa vya kukaangwa kama maandazi, vitumbua na chapati za kila asubuhi. Kupunguza hivyo kunampunguza mtu hata kama mlo mkuu haujabadilika sana.

WHO inashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka au kazi kama hiyo kwa wiki. Anayelima kila siku tayari anazo. Anayekaa dukani kutwa na kurudi kwa bodaboda, ashuke njiani atembee.

Usifunge kula siku nzima wala usinywe dawa za kuharisha. Kupungua nusu kilo kwa wiki kunatosha. Tuliona kwamba njaa kali nayo hulizuia yai.

TAHADHARI NA DAWA ZA KUPUNGUZA UZITO

Zipo dawa za hospitali, kama sindano ya semaglutaidi, zinazopunguza uzito kwa kiasi kikubwa. Hazitakiwi kutumika wakati wa ujauzito, na semaglutaidi inapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo hushauriwa angoje miezi 12 hadi 18. Chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa kwenye simu na magulioni havijulikani vina nini ndani. Vivyo hivyo dawa za kusafisha kizazi zinazowekwa ukeni: zinaweza kuleta maambukizi na kuziba mirija iliyokuwa mizima.

UKIENDA HOSPITALI

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ikihitajika. Nendeni wawili. Beba tarehe za hedhi zako za miezi sita iliyopita, ziandike hata kwenye simu. Taja kila dawa unayotumia, pamoja na za kienyeji. Kisha uliza:

1. Je, yai langu linapevuka?
2. Mirija yangu imepimwa?
3. Mume wangu apime lini?
4. BMI yangu ni ngapi, na inabadilisha nini katika matibabu yangu?
5. Kwa umri wangu, ningoje nipungue au tuanze sasa?
6. Nipimwe sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo?

Ombeni pia vidonge vya foliki asidi. Kila mwanamke anayetafuta mimba hushauriwa mikrogramu 400 kwa siku kuanzia kabla ya mimba, ili kumkinga mtoto na ulemavu wa uti wa mgongo. Mwenye kisukari au BMI ya 30 na zaidi amuulize daktari kama anahitaji dozi kubwa zaidi.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Nilizaa mtoto wa kwanza nikiwa mwembamba, sasa nimenenepa na wa pili hapatikani. Ni unene?
Inawezekana, lakini kumbuka umri nao umesogea, na maambukizi ya baada ya uzazi wa kwanza yanaweza kuwa yameziba mirija. Pimeni yote.

Mume wangu anapenda mwili wangu hivi nilivyo, na kwetu unene ni heshima. Nifanyeje?
Heshima hiyo haiondoki kwa kupungua kilo tano. Mwambie daktari amweleze mzee mwenyewe, mara nyingi husikika zaidi akiwepo chumbani.

Mama mkwe anasema nimerogwa, na hospitali wananiambia nipungue. Nimsikilize nani?
Msikilize mama kwa adabu, lakini pima. Kipimo cha yai, mirija na mbegu kitakuonyesha tatizo liko wapi.

Daktari amenifukuza kwa maneno makali kuhusu mwili wangu. Nirudi?
Una haki ya kupimwa na kuelezwa kwa lugha ya heshima. Kama hukupewa kipimo chochote zaidi ya mzani, omba uonane na mhudumu mwingine.

Mwanamke anayechelewa kupata mtoto tayari anabeba mzigo wa maneno ya watu. Kama unaye dada, wifi au mkwe katika hali hiyo, msaada mkubwa unaoweza kumpa si mizizi wala utani kuhusu mwili wake. Mkumbushe mumewe waende pamoja wakapimwe.